Barua ya Kukataliwa Madai ya Bima ya Afya: Namna ya Kuisoma na Kuijibu

Barua ya kampuni ya bima inayosema kwamba gharama za matibabu hazitalipwa huwafikia watu wakati mbaya. Mgonjwa bado anajikongoja, hospitali inadai, jamaa wameshachangishana hadi hawana tena cha kutoa, na barua yenyewe imeandikwa kwa lugha ya kisheria inayomfanya msomaji aone kwamba shauri limeshakatwa. Kwa kuwa mambo ya bima ya wafanyakazi hupita mezani kwangu katika shirika ninalofanyia kazi hapa Kampala, nimewaona watu wenye haki kamili wakiikunja barua ya namna hiyo, wakaitia mfukoni, wakaenda kuuza kiwanja. Jambo hilo linaniuma, maana nyingi kati ya barua hizo zinajibika. Barua ya kukataa madai ni msimamo wa upande mmoja wa mkataba, na msimamo huo husimama juu ya sababu moja au mbili tu. Anayeijibu sababu hiyo kwa maneno ya mkataba na kwa karatasi ya daktari huwa na nafasi nzuri. Anayeeleza shida zake peke yake huambulia barua ya pili inayofanana na ya kwanza.

Kwanza tuelewe tuko wapi. Uganda haina bima ya afya ya taifa. Bunge lilipitisha muswada wa mpango huo mwezi Machi 2021, lakini Rais hakuutia saini na haukuwa sheria. Vituo vya afya vya serikali viliacha kuwatoza wagonjwa ada mwaka 2001, isipokuwa katika wodi za kulipia za hospitali kubwa, na kwa hiyo kadi za bima tunazobeba hutokana na mikataba ya hiari: kampuni ya bima, shirika la uanachama wa afya (ambalo wanachama hulilipa ada nalo likagharimia matibabu yao), mfuko ambao mwajiri anaugharimia mwenyewe, au mpango wa jamii kama ule wa Hospitali ya Kisiizi kule Rukungiri ulioanza mwaka 1996. Maana yake ni kwamba hakuna orodha moja ya taifa ya matibabu ambayo kila mlipaji analazimika kuyalipia. Kinachomfunga mlipaji ni maandishi ya mkataba wake, na kinachokufunga wewe ni maandishi hayo hayo. Ndiyo sababu mtu anayetaka kuijibu barua bila kuusoma mkataba anapigana gizani.

Hapa ndipo wengi wetu tunapokwama, kwa sababu mkataba wenyewe hatujauona. Mfanyakazi hupewa kadi, labda na kijitabu chenye majina ya hospitali na viwango vya juu vya malipo, na kijitabu hicho hudhaniwa kuwa ndio mkataba. Mkataba kamili, wenye maana za maneno, vitu visivyolipwa na masharti ya madai, hukaa kwa mwajiri, kwa ofisa utumishi au kwa dalali wa bima aliyeuleta. Uombe. Uombe kwa maandishi, na utaje kwamba unataka toleo lililokuwa likitumika siku ulipotibiwa, kwa kuwa mikataba ya makundi huhuishwa kila mwaka na masharti hubadilika. Nimewahi kuona madai yakikataliwa kwa kifungu kilichoingizwa baada ya mgonjwa kuwa ameshatoka hospitalini.

Ukishaupata, iweke barua kando yake na utafute mambo machache katika barua: namba ya madai, tarehe ya matibabu, kiasi kilichokataliwa, sababu, na kifungu kinachotajwa. Angalia kama kilichokataliwa ni chote au ni sehemu, kwa sababu barua nyingi hutumia neno moja la kukataa hata pale ambapo sehemu kubwa ya gharama imelipwa. Kama hakuna kifungu, barua haijakamilika, na jibu lako la kwanza linaweza kuwa la sentensi moja: nitajieni kifungu cha mkataba mnachokitegemea. Usiridhike na simu. Mtu wa huduma kwa wateja atakueleza kwa upole kwamba "mfumo umekataa", na maneno hayo hayawezi kujibiwa wala kukatiwa rufaa. Chunguza pia kama barua au mkataba umeweka muda wa kupinga uamuzi, uuandike muda huo mahali utakapouona, na utume notisi fupi ya kupinga hata kabla ushahidi wako haujatimia.

Sababu inayoonekana zaidi, na inayojibiwa vibaya zaidi, ni ile ya ugonjwa sugu au ugonjwa uliokuwepo kabla ya kujiunga. Nitaieleza kwa mfano wa shemeji yangu, dereva wa lori anayetoka Malaba kuja Kampala, ambaye amekubali niandike habari zake bila jina. Aliugua njiani, akalazwa katika hospitali moja ya binafsi mashariki mwa nchi akiwa na homa kali, akitapika na kusema maneno yasiyoeleweka. Damu yake ilipopimwa ilikutwa na vimelea vya malaria, akachomwa sindano za atesunate, akatundikiwa maji, na baada ya siku chache akaruhusiwa. Kisha barua ikaja: madai hayakubaliwi kwa kuwa matibabu yanahusiana na ugonjwa sugu uliokuwepo kabla ya bima kuanza. Ni kweli kwamba shemeji ana shinikizo la damu. Ni kweli pia kwamba alikuwa nalo kabla ya kuajiriwa pale, na kwamba alilitaja kwenye fomu ya kujiunga, kama inavyotakiwa. Yeye mwenyewe alikuwa ameshakata tamaa.

"Shemeji, presha waliniambia mapema kwamba hawalipi. Wana haki," aliniambia.

"Walikwambia presha hawalipi. Na malaria je?"

Tulikwenda hospitalini kuomba muhtasari wa matibabu, ile karatasi ambayo daktari huijaza mgonjwa anaporuhusiwa. Mkataba wa Haki za Wagonjwa wa mwaka 2009, uliotolewa na Wizara ya Afya, unatambua haki ya mgonjwa kupata taarifa za matibabu yake, kwa hiyo hakuna sababu ya kuomba kwa unyonge. Palikuwa na mistari miwili ya utambuzi wa ugonjwa. Wa kwanza uliandikwa shinikizo la damu, na pembeni yake alama I10. Wa pili uliandikwa malaria kali, na alama B50. Alama hizo zinatoka katika orodha ya kimataifa ya magonjwa ya Shirika la Afya Duniani, na madawati ya madai huzitumia kuamua haraka mgonjwa alitibiwa nini. Aliyeipokea karatasi ile katika kampuni ya bima alisoma mstari wa kwanza, akauchukua kuwa ndio sababu ya kulazwa, na mambo yakaishia hapo. Daktari wa wodi alipoulizwa alitushangaa. Alisema kwamba huwa anatanguliza ugonjwa wa kudumu ili mwenzake wa zamu ya usiku asisahau dawa zake. Kwake mpangilio ule ulikuwa wa usalama wa mgonjwa. Kwenye dawati la madai ulikuwa na maana nyingine kabisa.

Tulimwomba daktari barua fupi yenye mambo ambayo mkataba unayauliza, na hapo ndipo kazi yote ilipo. Barua ya daktari inayosema kwamba "mgonjwa huyu alikuwa anaumwa sana na anastahili kusaidiwa" haina nguvu, hata ikigongwa mihuri mitatu. Inayofaa inasema ni ugonjwa gani uliomleta mgonjwa, ulithibitishwa kwa kipimo gani, ulitibiwa kwa dawa gani, na kama ugonjwa ule mwingine ungekuwa sababu ya kumlaza. Daktari aliandika kwamba mgonjwa alilazwa kwa malaria kali iliyothibitishwa kwa kipimo cha damu, kwamba shinikizo la damu lilikuwa limedhibitiwa kwa vidonge alivyokuja navyo mwenyewe, na kwamba kwa hali hiyo peke yake asingelazwa. Tukaiomba pia idara ya uhasibu ya hospitali itupe ankara iliyochanganuliwa, kila dawa na kila kipimo kwa mstari wake, badala ya ile yenye jumla tatu tu za kitanda, dawa na maabara.

Barua ya kupinga niliiandika kwa Kiingereza, kwa kuwa mkataba uko kwa Kiingereza, na ninaweka hapa kiini chake kwa Kiswahili kwa ajili ya anayetaka kuona ilivyopangwa:

"Ninapinga uamuzi wenu kuhusu madai yenye namba iliyotajwa hapo juu. Mmekataa kwa kutumia kifungu kinachoondoa matibabu ya magonjwa sugu yaliyokuwepo kabla ya bima kuanza. Sipingi kwamba nina shinikizo la damu, wala kwamba matibabu yake hayamo katika bima yangu. Ninachopinga ni kulihesabu kuwa sababu ya kulazwa kwangu. Barua ya daktari iliyoambatanishwa na matokeo ya kipimo cha damu yanaonyesha kwamba nililazwa na kutibiwa malaria kali, ugonjwa ambao kifungu chenu hakiuondoi. Ankara iliyochanganuliwa inaonyesha gharama za matibabu hayo moja baada ya nyingine. Naomba mtazame upya madai haya, mlipe gharama za malaria, na kama kuna mstari wowote ambao bado mnaukataa, mnitajie mstari huo na kifungu chake."

Sentensi ya kukubali kile ambacho ni kweli iliwatia wasiwasi ndugu zangu, wakidhani tunajipalia makaa. Mimi naiona kuwa ndiyo nguvu ya barua nzima. Bima hujengwa juu ya ukweli kamili kati ya pande mbili, na mtu anayekana jambo lililomo katika fomu yake mwenyewe ya kujiunga hupoteza hata lile ambalo angelipata. Sentensi ya mwisho nayo ina kazi yake: inamlazimisha anayejibu achambue mstari kwa mstari, asikatae jumla. Kampuni ililipa kitanda, sindano, maji na vipimo vya malaria. Ikakataa kipimo cha umeme wa moyo, ikisema kwamba kilifanywa kwa ajili ya shinikizo la damu, na tulipomuuliza daktari akakubali kwamba ni kweli. Shemeji alikilipa kipimo hicho mwenyewe, na naona ilikuwa halali.

Kuna swali jingine katika sababu hii ambalo linahitaji jicho kali zaidi, nalo ni maana ya ugonjwa "uliokuwepo". Mikataba hutofautiana. Mmoja unasema ni ugonjwa ambao mwanachama aliwahi kutambuliwa kuwa nao au kutibiwa. Mwingine unasema ni hali yoyote ambayo dalili zake zilikuwepo, awe alizijua au hakuzijua. Tofauti hiyo ni kubwa kwa mama aliyekuwa na maumivu ya tumbo kwa miaka miwili na uvimbe ukaja kuonekana kwa mara ya kwanza baada ya kujiunga. Chini ya mkataba wa kwanza ana hoja nzito, na picha ya zamani isiyoonyesha uvimbe, kama anayo, ni dhahabu. Chini ya wa pili ana mlima mbele yake. Na pale ambapo maneno ya mkataba yanaweza kusomeka kwa namna mbili, kanuni ya kawaida ya sheria ya mikataba katika mahakama za mfumo wetu ni kwamba utata huelekezwa dhidi ya aliyeyaandika, ambaye karibu kila mara ni mtoa bima. Itaje kanuni hiyo katika barua yako kwa adabu, lakini pale tu ambapo utata upo kweli.

Sababu ya kutopata idhini ya awali hukumba zaidi waliolazwa kwa dharura. Mikataba mingi inataka kampuni ijulishwe kabla ya upasuaji au kulazwa, lakini huweka nafasi ya dharura kwa sharti kwamba taarifa itolewe ndani ya muda fulani baada ya kulazwa. Angalia muda huo, kisha uulize hospitali kama dawati lake la bima lilituma ombi, saa ngapi, na lilijibiwa nini. Mara nyingi ombi lilitumwa na likabaki bila jibu, au lilijibiwa kwa simu na mtu asiyeandika jina lake. Nakala ya barua pepe ya hospitali yenye saa juu yake inaweza kumaliza ubishi wote. Inafaa pia daktari aeleze kwa nini mgonjwa asingeweza kungoja.

Ikiwa sababu ni kwamba hukuwa mwanachama hai siku ile, usipoteze muda na kampuni ya bima kabla hujamwona mwajiri. Huenda ada haikulipwa kwa wakati, jina la mtoto halikuingizwa katika orodha ya wategemezi, au kijana amevuka umri uliowekwa na barua ya chuo haikupelekwa. Mwajiri aliyekata fedha katika mshahara wako na asizipeleke ndiye wa kujibu. Ikiwa uliumia ukiwa kazini, kumbuka kwamba Uganda ina Sheria ya Fidia kwa Wafanyakazi, inayomtwika mwajiri gharama za matibabu ya majeraha ya kazini, kwa hiyo kampuni ya bima ya afya inapokataa kwa sababu hiyo huenda imekuelekeza mlango ulio sahihi. Kuhusu kikomo cha malipo kilichomalizika, hakuna mengi ya kusema: omba taarifa ya matumizi, ihakiki kwa tarehe, na uangalie kama kuna ziara ya hospitali iliyohesabiwa mara mbili au ambayo hukuifanya wewe. Sheria ya Ulinzi wa Data na Faragha ya mwaka 2019 inakupa haki ya kuomba taarifa zako binafsi zinazoshikiliwa na wengine, na matumizi ya kadi yako yamo katika taarifa hizo.

Kampuni ikishikilia msimamo wake, au ikanyamaza, hatua inayofuata ni Mamlaka ya Udhibiti wa Bima ya Uganda, yenye dawati la malalamiko ambalo halitozi ada. Mamlaka hutaka kuona kwamba ulianza kwa kampuni yenyewe, kwa hiyo peleka barua yao, barua yako ya kupinga, mkataba, karatasi za hospitali na ushahidi kwamba barua yako ilipokelewa. Mashirika ya uanachama wa afya nayo yako chini ya Sheria ya Bima ya mwaka 2017, wala mtu asikudanganye kwamba usimamizi unahusu kampuni kubwa peke yake. Lakini kama mwajiri wako anajilipia mfuko mwenyewe na ameajiri kampuni imsaidie kuuendesha tu, anayekataa ni mwajiri, na malalamiko yaanzie kwake. Sheria hiyo hiyo ya 2017 imeunda pia baraza la rufaa kwa asiyeridhika na uamuzi wa Mamlaka.

Mahakama nayo haiko mbali kama watu wanavyodhani. Kwa madai yasiyozidi shilingi milioni 10, upo utaratibu wa madai madogo ulioanzishwa kwa kanuni za mwaka 2011, unaoendeshwa katika mahakama za mahakimu wakuu ambako umefikishwa, na ambako mdai hujieleza mwenyewe bila wakili. Anayedai zaidi ya hapo atahitaji ushauri wa mwanasheria. Kwa mashauri ya mkataba sheria imeweka miaka 6, lakini mashahidi husahau na karatasi hupotea mapema zaidi kuliko hapo.

Wakati haya yote yakiendelea, hospitali bado inataka fedha zake. Nenda katika ofisi ya uhasibu kabla hawajakutafuta, uwaonyeshe nakala ya barua ya kupinga iliyogongwa muhuri wa kupokelewa, na uombe kwa maandishi kwamba deni lisimamishwe au lilipwe kidogo kidogo hadi jibu litoke. Hospitali zina sababu ya kukusikiliza, maana nazo zinataka kulipwa na kampuni ile ile, na mara nyingine barua ya dawati lao la bima husikika zaidi kuliko yako. Ukilazimika kulipa, hakikisha kwamba stakabadhi inaonyesha jina la mgonjwa na namba ya ankara, kwa sababu bila hivyo kampuni ikikubali baadaye hutakuwa na njia rahisi ya kurudishiwa.

Kwa wenzangu mnaoshughulikia utumishi, kuna kazi ambayo haimngoji mgonjwa. Mwezi mmoja au miwili kabla ya mkataba wa kundi kuhuishwa, zikusanyeni barua za kukataa za mwaka mzima, mzipange kwa sababu zake, na mkae na dalali wa bima kifungu kwa kifungu. Kama barua nyingi zinatokana na maana ya ugonjwa sugu, ombeni maana hiyo ibanwe, au iongezwe sentensi isemayo kwamba ugonjwa mwingine unaotibiwa kwa wakati mmoja utalipwa peke yake. Kundi la watu wengi lina sauti ambayo mtu mmoja aliyetoka wodini hana. Katika ofisi yetu tuliomba sentensi ya namna hiyo baada ya habari za shemeji, na sasa imo katika ukurasa wa maana za maneno, mistari miwili juu ya sahihi ya mkurugenzi.